Tamu, Jam, Lapor

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, siku ya Jumapili, mlango wa nyumba tuliyopanga mjini Bandung uligongwa mara tatu. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimeivua saa yangu ya mkononi nikiitia ufunguo. Mama mwenye nyumba alikuwa uani akipepeta mchele. Hakuuliza ni nani. Aliweka ungo chini, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama kidogo akiwa ameshika ukingo wa pipa la maji. Nilipomtazama usoni niliona kwamba hodi ile alikuwa ameingoja kwa miaka.

Nje alisimama mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Nyuma yake walikuwa vijana wawili wenye vitambaa vya rangi mkononi, mmoja ameshika rungu. Yule wa shati jeupe hakututazama sisi wageni. Alizungumza na mama kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, na katika maneno yale yote niliyashika matatu tu: tamu, jam, lapor. Asubuhi ile ile mimi na mwenzangu ndio tuliompelekea maneno hayo, nyumbani kwake, tukicheka.

Lazima nieleze tulifikaje huko. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, upande wa Kericho. Kampuni yetu ilikuwa na mashamba pia katika kisiwa cha Java, na huko Bandung kulikuwa na karakana iliyofufua mashine kuukuu za kukaushia majani. Tulichaguliwa wawili tukajifunze kazi hiyo kwa miezi mitatu. Mwenzangu alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sotik, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mtu wa mzaha, mikono yake ikijua chuma kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mimi ni mtoto wa watu waliotoka milima ya Kisii kuja kuchuma chai. Shule niliacha darasa la saba, mengine nikajisomea. Kwa hiyo mwenzangu aliniita mwalimu, na hakuwa akinisifu.

Bandung ni mji wa milimani, na baridi yake ya asubuhi ilitufanya tujisikie nyumbani. Ukungu ulishuka kama unavyoshuka kwetu. Lakini watu walikuwa wengi mno. Tulikaa ndani ya kichochoro ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta za pande zote, na nyumba zimeshikana hivi kwamba jirani akikohoa unaamka. Kutwa nzima walipita wachuuzi wakiwa na mizigo miwili inayoning'inia kwenye mti wa begani. Hawakuita kwa mdomo. Wa tambi aligonga kipande cha mwanzi, wa supu aligonga bakuli kwa kijiko, na wanawake walijua ndani ya nyumba ni nani anapita. Barabarani kulijaa baiskeli za magurudumu matatu ambazo abiria hukaa mbele, dereva nyuma, ili ajali ikitokea aanze kuumia anayelipa. Hayo ni maneno ya mwenzangu. Vibandani walitupa chai bure pamoja na chakula, nyepesi, bila maziwa wala sukari. Mwenzangu aliinua gilasi yake siku ya kwanza akaitazama kwenye mwanga.

"Mwalimu, hii wameoshea sufuria," alisema.

Mama mwenye nyumba alijua Kiingereza kidogo, cha polepole, kila neno likiwa mahali pake. Alikuwa mwalimu wa shule zamani. Jioni ya pili mwenzangu alimuuliza habari za picha iliyokuwa ukutani, ya mwanamume mwenye miwani. Alisema ni mume wake. Alisema miaka ile ya machafuko, wakomunisti waliposakwa, walikuja watu wakamwita mume wake kwa maswali madogo, ya nusu saa, akatoka na kandambili miguuni, hakurudi. Baada ya hapo naye aliachishwa kazi ya ualimu. Alituambia hayo bila kupandisha wala kushusha sauti, kisha akaenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Tangu jioni hiyo nilianza kuona mambo ambayo sikuyaona kwanza. Majirani walimsalimu lakini hawakuingia kwake. Gari likisimama barabarani, kule mwisho wa kichochoro, aliacha alichokuwa akifanya mpaka liondoke. Mimi nami nikaanza kusikiliza magari.

Sasa habari ya kibao.

Mtu anayejifunza peke yake hushika anachokijua na kukitumia kama ngazi. Siku za kwanza niligundua kwamba lugha ya pale ina maneno yanayofanana na Kiswahili. Meza waliita meja. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, bendera ni bendera hivyo hivyo. Nilifurahi sana. Nilimwambia mwenzangu kwamba tukiwa na subira mwezi hautaisha kabla hatujasema lugha yao, na nikaanza kusoma kila kilichoandikwa ukutani.

Mlangoni mwa kichochoro chetu palikuwa na kibao cha mbao, rangi nyeupe juu ya nyeusi. Kilisema: TAMU 1 x 24 JAM WAJIB LAPOR.

Msomaji aliyekulia mashambani Kericho ataona mara moja tulichokiona. Madukani kwetu jamu ya kupaka mkate ilikuja kwa makopo yaliyoandikwa JAM, ndani ya katoni iliyopigwa muhuri wa 1 x 24, yaani katoni moja, makopo ishirini na manne. Na jamu ni tamu. Neno lililonisumbua lilikuwa wajib. Nililitafakari, nikaona ni wajibu, nikamfafanulia mwenzangu kwamba Lapor ni jina la mtengenezaji, na tangazo linasema kununua jamu ya Lapor ni wajibu wa kila mtu. Mwenzangu, kwa matamshi ya kwao, alisema hawa watu wanajua piashara. Kila asubuhi tulipopita pale kwenda karakana alikipigia kibao saluti.

Hatukumuuliza mama maana ya kibao. Kwa nini umuulize mtu maana ya tangazo la jamu?

Jumapili ya kwanza tulikuwa na mkate na hatukuwa na cha kupaka. Tulikwenda kwenye duka dogo la kichochoro. Nilimwambia mwenye duka, kwa lugha niliyoiamini, "Tamu. Jam. Lapor." Aliacha kupima mafuta ya taa. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole kwenye nyumba ya mlango wa kijani, mbele kidogo. Tulidhani ndiye wakala wa jamu. Tukaenda, tukabisha hodi, akatoka huyu wa shati jeupe, nikarudia maneno yale yale matatu. Alitukaribisha kwa heshima, akaketi, akachukua kalamu, akauliza kitu. Hatukuelewa. Akaonyesha nyumba za nje kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na ilipofika ya mama, mwenzangu akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema, "Hapo, papa, hapo." Mwanamume yule aliandika. Tukangoja jamu. Hakuleta. Tuliagana tukarudi na mkate wetu mkavu, na mwenzangu akasema pengine Jumapili hawauzi.

Jioni, pale mlangoni, mama alinigeukia akaniambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba tunaitwa sote watatu, kwa maswali madogo.

Alivaa viatu. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Kandambili zake zilikuwa pale mlangoni, na nyumba ya mlango wa kijani haikufika hatua mia moja. Lakini alirudi ndani, akavaa viatu vya ngozi na soksi, akachukua na sweta.

Njiani nilimuuliza tumekosa nini. Alitembea bila kugeuza kichwa. Alisema tamu ni mgeni, jam ni saa, lapor ni kuripoti. Mgeni lazima aripotiwe kwa mkuu wa kichochoro ndani ya saa ishirini na nne. Alisema karakana ilimwambia itatuandikisha yenyewe, na bila shaka karakana ilidhani ataandikisha yeye. Sasa wageni wawili kutoka nchi isiyojulikana wamelala siku sita, bila kuripotiwa, katika nyumba ambayo mume aliwahi kuitwa kwa maswali. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kwa nini tulikwenda kumshtaki. Alisema kama chumba hakikutufaa, tungemwambia.

Nilitaka kumweleza habari ya jamu. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi itakavyosikika, nikaufunga.

Tulikalishwa kwenye benchi sebuleni kwa mkuu. Kulikuwa na meza, bendera ndogo kwenye kikombe, muhuri, na ukutani picha za wakubwa. Mke wa mkuu alileta chai na kahawa, maana hata mtu anayehojiwa ni mgeni. Mama alishika gilasi yake kwa mikono miwili lakini hakunywa. Kijana wa rungu alisimama kwenye mlango tulioingilia.

Hofu ile niliijua. Watu wa mjini hawajui kwamba katika kambi za mashamba ya chai, nilipokuwa mdogo, mgeni alikuwa kosa. Nyumba ni ya kampuni, na anayelala humo bila nyapara kujua ni mwizi wa nafasi. Kulipopambazuka askari wa kambi alipita na fimbo akigonga milango ya mabati, na mama yangu alituhesabu vichwa haraka, kama watu wazima wanaoogopa wanavyohesabu. Mwaka mmoja mjomba alikuja kutoka kwetu Kisii akiwa na homa. Mama alimlaza nyuma ya kuni. Askari hakuona kitu. Lakini mdogo wangu wa miaka minne alimsalimu askari vizuri kama alivyofundishwa kanisani, akamwambia mjomba hajambo leo. Kufikia mchana vitu vyetu vilikuwa nje kwenye nyasi, sufuria, blanketi na picha ya harusi, na baba amesimama kando akiwa amevua kofia. Hakuna aliyempiga mdogo wangu. Angepigwa kwa kosa gani?

Nikiwa kwenye benchi lile nilijiona mimi ndiye yule mtoto, ila sasa nina miaka thelathini na sita na masharubu.

Mkuu alianza kuuliza. Aliuliza kwa lugha yake, mama akatugeuzia kwa Kiingereza, sisi tukajibu, yeye akarudisha. Hapo nikaona shimo lilipokuwa. Mtu pekee aliyeweza kututetea kwa maneno alikuwa ni yule yule aliyeshtakiwa. Kila alichosema angeweza kuwa amekibuni mwenyewe, na mkuu alijua hivyo. Tulipoulizwa nani alitutuma kuripoti, nilimwambia mama ukweli wote: kibao, makopo, katoni ya 1 x 24. Kisha akamgeuzia mkuu, polepole, na sauti yake ambayo tangu jioni haikutetemeka ikaanza kutetemeka pale pale, kwa sababu alikuwa analazimika kusema upuuzi mbele ya mtu aliyeshika muhuri.

Mkuu aliweka kalamu chini. Alisema kitu kifupi. Mama akatugeukia, akatuambia, "Anauliza kama mimi namfanyia mzaha."

Mwenzangu hakuwa na Kiingereza cha kutosha, lakini uso wa mama aliuelewa. Aliniinamia akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Mwalimu, wacha maneno. Mwonyeshe."

Nilisimama. Kijana wa rungu naye akasogea. Nilinyanyua mikono ili waione, nikagusa meza ya mkuu, nikasema, "Meza." Mkuu alikunja uso. Nikagusa karatasi, nikasema, "Karatasi." Nikaonyesha bendera ndogo kwenye kikombe, sikuigusa, nikasema, "Bendera." Alinitazama, kisha akasema mwenyewe, pole pole, "Meja. Kertas. Bendera." Nikaitikia kwa kichwa. Pale kwenye sinia ya kahawa palikuwa na kopo la sukari. Nililichukua, nikamwaga chembe kidogo kiganjani, nikalamba mbele ya watu wote kama mtoto. Nikasema, "Tamu."

Nikaandika hewani kwa kidole, moja, mara, ishirini na nne, na mwenzangu akasimama kando yangu bila kuambiwa. Alitandaza kiganja chake kipana kama kipande cha mkate, akachukua kisu ambacho hakikuwepo, akapaka jamu. Aliipaka vizuri, hadi pembeni, kama fundi. Akala. Akafumba macho. Halafu akafungua macho, akaonyesha kidole upande wa kibao, akasema kwa huzuni kubwa, "Lapor. Hakuna."

Aliyecheka kwanza ni kijana wa rungu. Mkuu alimtazama, kijana akakatisha kicheko. Mkuu mwenyewe hakucheka, lakini alichukua kopo la sukari akalitazama ndani, akalifunga, akamuuliza mama swali moja. Mama alijibu kwa neno moja, ambalo baadaye nilijifunza kuwa ndilo neno lao la jamu, nalo halifanani na chochote tunachokijua. Mkuu akachukua kalamu.

Aliandika kwa muda mrefu. Hukumu ilikuwa hivi: mama alipe faini kidogo, ya mafuta ya taa ya kibanda cha walinzi. Wageni wahamie karakana kesho asubuhi, wala mama asipokee mgeni mwingine mpaka aruhusiwe. Akapiga muhuri. Sauti ya muhuri ilimfanya mama afumbe macho. Mimi nilitoa faini mfukoni mwangu kabla hajafungua pochi yake, na mkuu akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

Tulirudi giza likiingia. Mama alitembea mbele. Milango ya kichochoro ilikuwa imefungwa yote, na nyuma ya kila mlango nilisikia watu wakinyamaza. Ndani, aliwasha jiko. Njiti ya kwanza ilivunjika, na ya pili, mwenzangu akamwomba kiberiti akawasha yeye. Nilimwambia mama kwamba nasikitika, na kwamba chumba kilitufaa sana. Alikuwa bado hajavua viatu.

"Mume wangu alivaa kandambili," alisema. "Nilifikiri pengine ndiyo maana."

Aliketi akavua viatu, kwanza kimoja, kisha kingine, akavipanga mlangoni, akarudi kupepeta mchele ule aliouacha.

Miezi iliyobaki tulilala kwenye bweni la karakana. Kila Jumapili nilitafuta sababu ya kupita mwisho wa kichochoro. Sikuingia. Nilisimama karibu na kibao, ambacho sasa nilikisoma sawasawa, nikatazama kama nguo zake zimeanikwa. Zilikuwa zimeanikwa kila mara, hata Jumapili ya mwisho. Siku moja nilimwona akifagia. Aliniona naye, akafagia bila kuinua mkono, nami nikaelewa nisimsalimu.

Nyumbani habari ile imekuwa kichekesho. Mwenzangu aliisimulia Sotik, Bomet na hadi sokoni Kiptere, na kila aliposimulia kisu cha jamu kilizidi kuwa kirefu. Watu wa kiwandani wakipita kwangu bila taarifa huniuliza kama ilikuwa lazima waripoti jam. Mimi nacheka nao. Mke wangu, aliyezaliwa kambini kama mimi, hakucheka aliposikia mara ya kwanza. Aliuliza tu kama yule mama alikuwa na watoto. Nikamwambia sikuona. Akasema hiyo ni afadhali, kisha akaenda kutazama kama mlango wa jikoni umefungwa.

Miezi michache baada ya kurudi nilikuwa na shughuli benki mjini Kericho, na noti chache za Java zilikuwa bado kwenye pochi. Karani alisema hawezi kuzibadilisha, lakini alikuwa na muda, akafungua kitabu chake cha viwango. Nilimwomba anikokotolee rupia mia tatu ni ngapi kwetu, maana hiyo ndiyo faini niliyolipa kwa mkuu jioni ile. Alipiga hesabu mara mbili, akanigeuzia karatasi nione mwenyewe: shilingi tano na senti kumi na tano, kama bei ya makopo mawili ya jamu.